Gauni la binti mfalme lisilomwasha mtoto: neti naiweka vipi?

MamaNana:
Salaam wanajamvi, hasa mafundi na wazazi wenye cherehani nyumbani.

Binti yangu anakaribia kutimiza miaka mitano na ameshataja anachotaka: gauni la binti mfalme, la bluu, refu, na likae kama mwavuli akizunguka. Hilo la kuzunguka ndilo analolirudia kila siku.

Lile alilonunuliwa mwaka jana lilipendeza kwa nje, ila kwa ndani neti ngumu imeshonwa moja kwa moja kiunoni, hakuna bitana. Akilivaa, haichukui muda anaanza kujikuna, halafu analivua. Ukimtazama kiunoni unakuta mstari mwekundu umemzunguka. Zipu nayo inanasa kila ikifika pale sketi inapokutana na kifua. Safari hii nashona mwenyewe.

Cherehani yangu ni ya kawaida, inapiga mshono wa moja kwa moja na zigizaga. Ovaloku, ile mashine ya kumalizia kingo za kitambaa zisifumuke, sina. Nimeshashona foronya, mapazia, sketi za lastiki, na sare za shule nazipunguza mwenyewe. Satini sijawahi kuishona. Vipimo vyake ni hivi: kifua sm 58, kiuno sm 54, kiunoni hadi kifundo cha mguu sm 60, mkono wa juu sm 17, kichwa sm 51, na kimo chake sm 110.

Nataka kujua neti inawekwaje ili sketi ifure bila kumwasha. Sketi niikate duara au niipige marinda? Bila ovaloku satini naizuiaje isifumuke? Na kuna namna ya kulifanya limfae hata akirefuka?

Picha nyingi mitandaoni zinaonyesha gauni likiwa tayari, tena kwa mbele. Mimi nataka kuona ndani kumefanywa nini.

BabaTumu:
Mama Nana, hongera kwa uamuzi. Mimi si fundi, ila nilimshonea wangu na akalivaa mpaka likachakaa, kwa hiyo nachangia kidogo. Sikushona kifua kabisa. Nilichukua fulana yake ya pamba inayombana vizuri, nikaikata usawa wa kiuno, nikaiunganisha na sketi. Fulana inavutika, haina zipu, na mtoto ameshaizoea mwilini. Shingoni nikapiga utepe wa lesi kwa mkono. Kama muda ni mchache, njia hiyo itakutoa.

Kitu kimoja tu: unapoishona fulana na sketi, tumia zigizaga nyembamba. Mshono wa moja kwa moja utakatika siku ya kwanza atakapolivuta.

BiSindano:
Mama Nana mwanangu, swali lako ni zuri. Nimewashonea watoto mavazi ya maigizo kwa miaka mingi na sasa nawashonea wajukuu, kwa hiyo niruhusu niseme kwa kirefu.

Gauni la mtoto linaanzia ndani. Sisi tunalitazama, yeye anaishi ndani yake. Anakaa nalo sakafuni, anapanda nalo kwenye kochi, anakimbia nalo chooni akiwa amechelewa. Likimruhusu yote hayo atalala nalo. Likimkera, ataliacha hata ukilitia lulu.

Tuanze na neti, maana ndiyo iliyomtesa. Magauni mengi ya dukani hukusanya satini na neti pamoja na kuzishona kiunoni mshono mmoja. Tabaka tatu nne za marinda zikikutana mahali pamoja unapata mkanda mnene, na zile ncha za neti zilizokatwa zinachoma ngozi. Huo ndio mstari mwekundu uliouona. Dawa yake ni kutoifikisha neti kiunoni.

Shona kwanza sketi ya ndani ya pamba laini. Mstatili tu: upana sm 110, urefu wa kumalizika sm 54. Ioshe pamba kabla ya kuikata, maana pamba hurudi na satini ya poliesta hairudi. Ukipuuza hilo, baada ya kufua mara ya kwanza bitana ya kifua itaivuta satini juu. Sasa chukua chaki, uchore mstari sm 12 chini ya kiuno, kisha mwingine sm 28 chini ya kiuno. Neti inashonwa kwenye mistari hiyo miwili, upande wa nje wa pamba. Hivyo neti inabaki katikati: pamba huku, satini huku. Miguu ya mtoto haikutani na neti hata kidogo, kiuno kinabaki bapa, na sketi inaanza kufura kwenye nyonga, mahali inapopaswa kufura.

Kwa kila mstari unganisha vipande viwili vya neti yenye upana wa sm 150 upate mita 3. Mstari wa juu neti iwe na urefu wa sm 42, wa chini sm 26. Humo tayari kuna sm 1 ya kushonea. Mita moja na nusu ya neti inatosha na chenga zinabaki. Neti haifumuki, kwa hiyo chini huikunji pindo. Ikate vizuri kwa mkasi mkali basi. Hakikisha inaishia sm 1 juu ya pindo la pamba, ili isimkwaruze miguuni.

Kuikusanya mita 3 iwe kama mita moja na ushee, usitumie uzi wa kawaida wa kuvuta, utakukatikia katikati ya kazi. Chukua uzi mnene wenye nguvu, uulaze juu ya neti karibu na ukingo, halafu piga zigizaga pana juu yake, sindano ikiruka huku na huku bila kuuchoma. Ukimaliza, shika ncha ya ule uzi mnene uvute: neti yote inateleza juu yake na kujikusanya. Gawa neti na sketi sehemu nane kila moja, tia alama za uzi wa rangi, linganisha alama kwa alama. Kisha ilaze neti ikiwa imeelekea juu, kiunoni, uishone kwenye mstari, halafu iangushe chini. Inapojikunja juu ya mshono wake inasimama zaidi kuliko ukiishona ikiwa tayari imeelekea chini. Hapo ndipo sketi inapopata umbo bila kuongeza tabaka.

Unapochagua neti usiiamini mikono yako. Mikono ya watu wazima imekomaa. Isugue shingoni au ndani ya kiwiko. Ikikuwasha wewe hapo, iache.

Satini naandika baadaye, ngoja nipumzishe macho.

FundiChipukizi:
Bi Sindano shikamoo. Nakubali kuhusu neti, ila kwa gauni la binti mfalme mimi ningeweka pete ya waya au ya plastiki kwenye pindo la sketi ya ndani. Inakaa duara safi kabisa na unaokoa neti. Na nyuma ya kifua ningetia vitanzi na utepe wa kufunga kwa kupishana. Unalegeza na kukaza kadiri anavyokua, na mgongo unapendeza kwenye picha.

BiSindano:
Marahaba mwanangu. Umetaja vitu viwili vizuri, ila tumwangalie atakayevaa.

Pete zina historia yake. Katikati ya karne ya 19 wanawake wa Ulaya walikuwa wakivaa sketi za ndani nyingi moja juu ya nyingine, nzito mno, mpaka krinolini za pete za chuma zilipoingia miaka ya 1850 zikawapunguzia uzito. Lakini mvaaji alijifunza jinsi ya kukaa nazo. Mtoto wa miaka mitano anakaa popote, na akikaa juu ya pete, upande wa mbele unanyanyuka mpaka usoni. Kwenye ngazi haoni miguu yake. Kwa maigizo ya jukwaani, mtoto mkubwa, dakika chache, sawa. Kwa gauni la kuchezea, hapana.

Utepe wa mgongoni nao unahitaji mtu mzima wa kufunga na kufungua. Mtoto akibanwa na haja, kila fundo ni kikwazo. Mimi napendelea mgongo wa lastiki, na gauni livaliwe kwa kupitisha kichwani kama fulana. Utepe unaopishana unaweza kuushona kifuani mbele, kama pambo tu. Picha unazipata na mtoto anajivalisha.

Mama Nana, mgongo unafanyika hivi. Zungusha tepu mabegani kwake, mikono ikiwa chini. Huo ndio upana ambao kiuno cha gauni lazima kiufikie kikivutwa, la sivyo halitapita. Kwa mtoto wa kifua sm 58, mimi ningefanya kiuno kinachovutika hadi sm 74. Kifua cha mbele kikate kimalizike sm 30 kiunoni, mgongo sm 44. Mgongo una satini nje na pamba ndani. Piga mistari sambamba kulala, kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, ili kati ya mstari na mstari upate njia ya sm 1, tangu kiunoni hadi usawa wa kwapa. Pitisha lastiki ya mm 6 katika kila njia kwa pini ya usalama, uikaze ibaki sm 26, na ushone ncha zake ndani ya mshono wa ubavu. Likiwa limetulia, kiuno kitakuwa kama sm 56. Yeye ana 54. Linamkaa bila kumbana, na akinenepa au kupanuka mwakani bado linavutika.

MamaNana:
Bi Sindano, nimesoma mara mbili na nimeshachora. Ahsante sana. Hapo pa neti kuangushwa nimejaribu kwenye kipande cha shuka kuukuu na kweli inasimama!

Satini nimenunua. Nimejaribu mshono kwenye kipande cha pembeni: mwanzoni cherehani inakimeza kitambaa kwenye tundu la sindano, halafu mshono unajikunja kunja kama umevutwa. Na kila nikikunja mara nne ili nikate duara, matabaka ya ndani yanateleza. Naomba mwongozo kabla sijakata.

BiSindano:
Umefanya vyema kujaribu pembeni kwanza. Satini haipendi haraka.

Badilisha sindano. Weka mpya, nyembamba, namba 70. Sindano iliyotumika kwenye mapazia imeshapoteza ncha. Inavuta nyuzi za satini badala ya kupita katikati yake, na unaona michirizi kwenye kitambaa. Uzi uwe mwembamba wa poliesta. Unapoanza, shika ncha zote mbili za uzi kwa nyuma ya mguu wa cherehani mpaka ipige mishono mitatu minne, na usianzie ukingoni kabisa: weka kipande cha karatasi nyembamba chini, anzia juu ya karatasi uingie kwenye kitambaa, ukimaliza ichane. Haitamezwa tena. Kujikunja kwa mshono mara nyingi ni uzi wa juu umekazwa mno. Ulegeze kidogo, urefu wa mshono uwe mm 2.5, na ukishone huku mkono mmoja uko mbele na mwingine nyuma, kitambaa kimenyooka bila kukivuta.

Pini zichome ndani ya sehemu itakayofichwa na mshono tu. Tundu la pini kwenye satini halizibiki.

Sasa duara. Kwa kuwa binti anataka sketi inayopaa akizunguka, mpe duara zima. Marinda hayatampa hilo. Nusu kipenyo cha kiuno unakipata kwa kugawa mzunguko kwa 6.28. Mzunguko wetu ni sm 74, kwa hiyo ni karibu sm 11.8. Ondoa sm 1.2 za mshono, unakata tundu kwa sm 10.6 kutoka kitovu cha duara. Ukingo wa chini unakuwa 11.8 jumlisha urefu wa sketi 56 jumlisha pindo 1.5, yaani sm 69.3 kutoka kitovu. Upana wote haufiki sm 140, kwa hiyo unaingia kwenye satini ya sm 150 bila kuungwa. Nunua mita 2 na kifua kitatoka humo humo. Hiyo sm 56 nimeichagua kwa sababu kifundo cha mguu kiko 60: gauni linaishia juu kidogo ya kifundo, halikanyagwi kwenye ngazi.

Usikunje mara nne. Unganisha magazeti kwa gundi ya karatasi, uchore robo duara, ukate. Tandaza satini tabaka moja juu ya magazeti mengine sakafuni, weka robo yako, chora kwa chaki, igeuze robo nyingine, mpaka duara litimie. Kisha kata satini pamoja na gazeti la chini. Karatasi inaizuia isikimbie mkasi. Hilo la karatasi chini ndilo ninalowafundisha wote wanaokuja kwangu, na wengi hawarudi tena kwenye njia ya kukunja.

Kitu kingine kuhusu satini: ina mwelekeo. Igeuze juu chini kwenye mwanga utaona inabadilika, upande mmoja inang'aa, mwingine inaingia giza. Vipande vyote vya kifua na mgongo vikae vikitazama upande mmoja unapokata. Usipofanya hivyo mtu atadhani umetumia vitambaa viwili.

Kuhusu ovaloku, huihitaji. Duara zima halina mshono wa ubavuni. Kifua kina bitana, kwa hiyo mishono yake yote inalala katikati ya satini na pamba. Sketi ya ndani ina mshono mmoja tu, nao uufiche: shona kwanza migongo ya kitambaa ikitazamana, mm 5 kutoka ukingoni, upunguze ubaki mm 3, geuza, shona tena mm 7. Kilichobaki ni ukingo wa kiuno, huo upige zigizaga mara tu ukishakata, kabla haujaanza kutoa nyuzi.

Kiunoni kuna kazi moja ya mkono. Satini ya kifua shona na sketi zote mbili, ya satini na ya pamba (hii ya pamba ikusanye kwanza ifike 74), lastiki ikiwa imenyooshwa ili 74 ikutane na 74. Bitana ya kifua usiishone pamoja nazo. Ikunje ukingo wake kwa ndani, uishushe ifunike mshono wa kiuno, na uishone kwa mkono kwa sindano nyembamba. Kwa mgongo, iache bitana ya chini ya njia ya mwisho ya lastiki sm 2.5 huru ili uweze kuikunja hivyo. Ukipitisha kidole ndani ya kiuno usikutane na kitu chochote kinachokwaruza. Mimi hupitisha mgongo wa mkono kila mahali kabla ya kumkabidhi mtoto.

Kabla ya kukunja pindo, litundike gauni usiku kucha. Duara lina sehemu zilizokaa mshazari na hizo hushuka kwa uzito wake. Asubuhi mvalishe, asimame juu ya meza imara ukiwa umemshika, upime kutoka juu ya meza kwenda juu, usawazishe. Pindo: piga mshono mm 7 kutoka ukingoni, kunja kwenye mshono huo, piga pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa cha pamba, kunja tena, shona. Ule mshono wa kwanza unakuongoza kwenye mviringo.

Uliuliza pia kuhusu kurefuka. Duara halikubali pindo nene, litajikunja vibaya, kwa hiyo hifadhi mabaki ya satini, au nunua lesi ya upana wa sm 8, uiongeze chini mwakani. Sketi ya pamba ni mstatili, hiyo unaweza kuikata ndefu zaidi na kuipiga rinda la akiba juu kabisa, kabla ya mstari wa kwanza wa neti: rinda la kina cha sm 2 linameza sm 4 za kitambaa, ukilifumua sketi inashuka na neti zake. Mabegani nako acha sm 2 ndani ya mshono.

MuuguziWatoto:
Naongezea upande wangu. Mabinti wafalme wengi huomba na joho. Tafadhali msiweke joho la kufunga kwa kamba shingoni. Kanuni ya Ulaya ya EN 14682 hairuhusu kamba shingoni wala kwenye kofia ya nguo za watoto walio chini ya miaka 7, na sababu yake inaeleweka: kamba ikinasa kwenye mlango, kitasa au bembea, mtoto hawezi kujifungua. Joho lishikwe mabegani kwa vibonye vya kubana, kimoja kila bega, vinavyoachia vikivutwa.

Na mishumaa ya keki. Neti ni kitambaa chenye hewa nyingi ndani yake, moto unapita haraka, na ya nailoni inayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Zile krinolini alizotaja Bi Sindano ziliunguza wanawake wengi kwa sababu hiyo hiyo: nguo pana iko mbali na mwili, mvaaji hajui imegusa moto. Uingereza mavazi ya kuigiza ya watoto yanahesabiwa kama vichezeo na yanapimwa moto kwa kanuni za vichezeo. Gauni la nyumbani halipimwi na mtu, kwa hiyo mtu mzima ndiye awashe mishumaa, keki iwekwe katikati ya meza, na mikono ya gauni isiwe ya kuning'inia.

Kama kuna mdogo wake wa chini ya miaka 3 nyumbani, shanga na vifungo vya kung'aa msivitumie kabisa. Kilichodariziwa kwa uzi hakidondoki.

MamaNana:
Ahsante muuguzi, mdogo wake yupo na ana mwaka mmoja na nusu, kila kitu kinakwenda mdomoni. Basi shanga hakuna. Nitadarizi maua madogo meupe kifuani kwa mkono, hiyo naiweza.

Bi Sindano, mikono ya puto sasa. Na taji, maana ameshaniuliza.

BiSindano:
Kudarizi kutapendeza kuliko shanga. Darizi kipande cha mbele kabla hujakiunga na bitana, ili mafundo ya uzi yafichwe katikati.

Mkono wa puto: mkono wake ni sm 17, kata kitambaa upana sm 36, urefu sm 16 katikati, ukipungua kuelekea kwapani. Marinda yote yakusanye juu ya bega. Theluthi ya chini, pale kwapani, iache bapa kabisa, vinginevyo ataufungua mkono na kuona kitu kimejazana hapo. Lastiki ya chini iwe sm 19 ikishashonwa, si 17. Iache legevu kidogo, ikae kwa sababu ya umbo la puto, isikae kwa kubana. Ukipenda kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga, kitie pamba nyembamba ndani, kwa sababu vitambaa hivyo huwasha kama neti. Mshono wa kuunganisha mkono na kifua ufunike kwa bitana ya kifua, kwa mkono, kama ulivyofanya kiunoni.

Taji lishone kwa felti, tabaka mbili, katikati tia kitambaa kigumu cha kola. Kichwa ni sm 51, kwa hiyo felti iwe sm 40 na nyuma lastiki pana iliyofunikwa na pamba, ikishashonwa sm 10. Meno ya taji yakate ya mviringo, yasiwe na ncha. Akianguka nalo halimchomi usoni.

Likichafuka, ligeuze ndani nje, lifue kwa mkono kwenye maji ya uvuguvugu, usilikamue. Lizungushie taulo ulibonyeze, kisha ulitundike kwa kubana kiuno, usilitundike kwa mabega, maana neti ikilowa inakuwa nzito na itarefusha mgongo wa lastiki. Neti usiipige pasi. Ikikauka ikiwa imelala, inyunyizie maji kidogo na uikung'ute kwa mikono, itasimama tena.